Ini Lisilo na Mgonjwa

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, ndugu wanafunzi, na nyote mliofika, habari za jioni.

Kabla sijaanza, naomba mtazame skrini. Hizo ni picha za ini moja zilizopigwa kwa CT, ile mashine ya mionzi inayoonesha ndani ya mwili kipande kwa kipande; ni vipande kumi na viwili vilivyopangwa kutoka juu kwenda chini. Ndani ya ini hilo kuna vivimbe. Kila mmoja ahesabu kimya kimya, aandike namba kwenye karatasi, na asimwoneshe jirani yake. Jibu liko ndani ya bahasha hii. Naiweka hapa mezani, kando ya beseni.

Na ndani ya beseni limo ini lenyewe. Msishtuke, halikutoka kwa mtu. Nimelipika mwenyewe, kwa sufuria. Lina uzito wa kilo moja na nusu, karibu sawa na ini la mtu mzima, ukiligusa linatikisika, na rangi yake ni nyeupe iliyofubaa, ya kitu ambacho hakuna ambaye angetamani kukila. Sisi wa kazi hii tunaliita fantomu. Jina linanukia mizimu kidogo, lakini ndilo tulilolikuta.

Nimeulizwa mara nyingi, na watu wenye akili zao, kwa nini mtu mzima akeshe akipika ini la uongo wakati hospitali zimejaa maini ya kweli yenye saratani ya kweli. Swali ni la haki. Kwa hesabu za mwaka 2020, saratani ya ini iligunduliwa kwa watu wapatao 906,000 duniani, na waliokufa nayo mwaka huohuo walikuwa kama 830,000. Ziwekeni namba hizo mbili bega kwa bega mtaona jinsi zinavyokaribiana. Sababu kubwa ni kwamba ugonjwa hugunduliwa umechelewa. Kivimbe cha sentimita moja kina tiba nyingi. Cha sentimita kumi kina chache mno. Kwa hiyo kila kitu kinategemea picha: je, mashine ilikiona kikiwa bado kidogo?

Hapo ndipo mgonjwa wa kweli anapotushinda. Daktari wa radiolojia akiona doa kwenye ini la mtu, nani atamthibitishia? Sindano ya kuchukua kinyama huchota uzi mwembamba tu kutoka kwenye ini zima. Daktari mpasuaji anaweza kuthibitisha, lakini wiki kadhaa baadaye, na kwa wale tu waliofika mezani kwake. Na wale ambao daktari wa picha hakuona kitu? Hao huenda nyumbani. Hakuna anayemfungua mtu tumbo ili kuhakikisha kwamba kweli hakukuwa na kitu. Kosa la aina hiyo tunalijua baada ya miezi, au hatulijui kabisa.

Isitoshe, huwezi kumpiga mgonjwa mmoja picha mara arobaini kwa dozi arobaini za mionzi ili ujue dozi ishuke hadi wapi kabla kivimbe hakijapotea kwenye chenga. Hili ini langu unaweza. Halichoki, halipumui, halidhuriki na mionzi, na halina ndugu wanaosubiri nje ya mlango. Zaidi ya yote, najua kilichomo kwa sababu nilikitia mimi. Thamani yake yote iko hapo: jibu lilikuwepo kabla ya swali.

Niwape mfano wa uzito wa milimita. Mwaka 1996 daktari mpasuaji Vincenzo Mazzaferro na wenzake wa Milan, Italia, walichapisha vigezo ambavyo hadi leo vinatumika sana katika kuamua mgonjwa gani wa saratani ya ini apandikizwe ini jipya. Kama kivimbe ni kimoja, kisizidi sentimita 5. Kama ni viwili au vitatu, kila kimoja kisizidi sentimita 3. Sasa fikirieni mtu ambaye kivimbe chake ni sentimita 4.9, mashine ikasoma 5.1. Milimita 2, upana wa mstari wa kalamu nene. Je, mashine yako hukosea kwa milimita ngapi? Hilo haliulizwi kwa mgonjwa. Linaulizwa kwa kitu ambacho ulikipima kwa rula kabla ya kukizika.

Basi tuingie jikoni.

Kosa la kwanza la anayeanza kazi hii ni kutaka ini linalofanana na ini kwa macho. Mashine haina macho yetu. CT inachojali ni jinsi mionzi inavyopungua ikipita ndani ya kitu, na inakipa namba: hewa ni kasoro 1000, maji ni sifuri, mafuta yako karibu kasoro 100, na ini ambalo halijapewa dawa ya kontrasti, ile ichomwayo kwenye mshipa ili viungo ving'ae kwenye picha, liko kama 55. Altrasaundi haijali hayo hata kidogo. Yenyewe inatuma sauti na kusikiliza mwangwi, kwa hiyo inajali sauti inakimbia kwa kasi gani, inamezwa kiasi gani, na inagonga vitu vidogo vingapi njiani. MRI, mashine ya sumaku, nayo inauliza haidrojeni iliyo mwilini: ukiisukuma, inarudi kwenye utulivu wake kwa muda gani? Ini linaloidanganya mashine moja vizuri kabisa linaweza kuwa kichekesho kwenye mashine ya pili. Kulitosheleza moja kwa mashine zote tatu ni kazi inayowapa watu shahada za uzamivu, na wengine mvi.

Chukueni altrasaundi, maana ndiyo inayowafikia watu wengi zaidi; mwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, hushauriwa apimwe nayo kila baada ya miezi sita. Mashine ya altrasaundi imepangwa iamini kwamba sauti mwilini hukimbia mita 1540 kwa sekunde. Kwa imani hiyo inageuza muda wa mwangwi kuwa umbali. Sasa tengeneza ini lako kwa maji matupu yaliyogandishwa kama jeli, ambamo sauti hukimbia kama mita 1480. Mwangwi utachelewa, mashine itadhani kitu kiko mbali zaidi, na kivimbe chako cha sentimita 5 kitasomeka kama sentimita 5.2 kuelekea chini. Mashine haijakosea. Mpishi ndiye aliyekosea.

Dawa yake ni gliserini, kama asilimia 11 ya uzito wote, nayo huipandisha kasi ya sauti hadi panapotakiwa. Kisha agari, asilimia 3 hivi. Agari ni ule unga utokanao na mwani mwekundu, unaogandisha maji. Kisha unga laini wa madini ili sauti ipate vitu vya kugonga, maana bila huo unga ini lote litaonekana jeusi kama kisima usiku. Watafiti wa Wisconsin, Marekani, akina Ernest Madsen, walitumia unga wa grafiti ndani ya jelatini miaka ya 1970, na wengi wetu bado tunatembea katika njia waliyoifyeka. Mwisho, dawa kidogo ya kuzuia ukungu. Ukiisahau hiyo, baada ya wiki mbili ini lako litaota manyoya.

Agari ina tabia moja ninayoipenda kuliko zote. Huyeyuka kwenye nyuzi joto kama 85, lakini ikishayeyuka haigandi mpaka ishuke karibu na 40. Katikati ya hapo pana nafasi kubwa ya kuchezea. Unamwaga vivimbe kwanza kwenye kalibu ndogo, vikiganda unavipanga mahali pake, halafu unavimwagia ini lililobaki likiwa kwenye nyuzi 45 au 50. Ini bado ni majimaji, linaingia kila kona, lakini halina joto la kuviyeyusha vivimbe. Mtu aliyezoea huweka mkono nje ya sufuria akajua wakati umefika. Mimi bado natumia kipimajoto, sina aibu.

Ukimwaga mapema, unga unazama chini kabla agari haijashika, na utapata ini ambalo upande wa mgongo ni zito na upande wa tumbo ni jepesi. Ukichelewa, linaganda kwa mabonge. Ukikoroga kwa haraka unaingiza vipovu vya hewa, na kipovu ndiye adui mkuu wa jiko hili. Ndiyo maana tunaliweka sufuria chini ya pampu ya kufyonza hewa mpaka uso wa mchanganyiko uache kuchemkachemka. Hata hivyo kimoja au viwili hujificha.

Nikiri sasa jambo ambalo kwa miaka sikulisema hadharani. Wakati fulani tulipika ini la CT lenye vivimbe sita, na ndani ya kila kivimbe tukatia ayodini iliyoyeyushwa, ili king'ae kama kivimbe kilichokunywa dawa. Asubuhi tukapiga picha. Zilitoka safi ajabu. Umeme ukasumbua, kazi ikaahirishwa. Kesho yake tukarudi tukapiga tena, ini lilelile, mashine ileile. Kivimbe kidogo kuliko vyote, cha milimita 6, hakikuwepo. Kile cha sentimita 2 kilikuwepo lakini kimezungukwa na ukungu, kama taa ya barabarani kwenye mvua.

Tulimwita fundi wa mashine. Tulimwandikia barua ndefu, yenye maneno makali ambayo leo ningependa nipewe niichane. Fundi akaja, akapima maji, akapima hewa, akatwambia kwa upole kwamba mashine ni nzima na pengine tujiangalie wenyewe. Ilituchukua siku nyingine kuelewa. Ayodini iliyoyeyuka haikai ndani ya agari kwa sababu tu wewe umeiambia ikae. Inaenea pole pole, kama rangi ya chai inavyoenea kwenye maji hata usipokoroga. Kivimbe kidogo hakina umbali wa kuenea; usiku mmoja unatosha kukimaliza. Kivimbe chetu kilitoroka, nasi tukamshitaki mlinzi.

Kuna njia mbili za kuzuia utoro huo, na zote zina bei. Unaweza kukifunika kivimbe kwa ganda jembamba la resini. Kwa CT si mbaya, lakini kwa altrasaundi ganda hilo linalia kama kengele. Kwenye PET, mashine inayopiga picha za mionzi itokayo ndani ya mwili wenyewe, ambako kivimbe hutiwa dawa yenye mionzi, ganda ni ukuta usio na dawa, na kadiri kivimbe kinavyokuwa kidogo ndivyo ukuta huo unavyodanganya zaidi. Fantomu maarufu ya PET ina mipira sita ya plastiki, mkubwa milimita 37 na mdogo milimita 10, na ni huyo mdogo anayewanyima watu usingizi. Njia ya pili, ambayo mimi naiamini zaidi, ni kuachana na vitu vinavyoyeyuka. Ini hili lililo kwenye beseni nimelipa namba zake za CT kwa unga wa bari salfeti. Punje zake haziyeyuki. Zimenaswa ndani ya agari kama samaki kwenye barafu, hazina pa kwenda.

Mpaka hapa nimesema kuhusu ini lililosimama. Lakini ini la mtu halisimami, na hapa ndipo kazi inapokuwa ngumu kweli.

Ini hupata damu kwa njia mbili. Kama robo huja kwa ateri, itokayo kwenye matawi ya mshipa mkuu wa moyo. Robo tatu huja kwa vena inayokusanya damu kutoka kwenye utumbo. Saratani inayoanzia kwenye seli za ini zenyewe, ambayo ndiyo nyingi kati ya saratani za ini, hujijengea mishipa yake na kunyonya karibu yote kutoka kwenye ateri. Mgonjwa akichomwa dawa ya kontrasti mkononi, dawa hufika kwanza kwa ateri. Kwenye sekunde ya 35 hivi, kivimbe kinawaka na ini lililokizunguka bado limefifia. Kwenye sekunde ya 70, dawa imeshapitia utumbo na kurudi kwa vena, na ini zima limewaka. Dakika chache baadaye kivimbe kimeimwaga dawa yake, sasa kinaonekana cheusi kuliko ini. Mchezo huo wa kuwaka na kuzimika una nguvu kiasi kwamba, kwa mtu mwenye sirosisi, madaktari wanaweza kuithibitisha saratani kwa picha peke yake, bila sindano.

Utaupikaje mchezo huo kwenye sufuria? Wengi wetu tunapika maini matatu: la sekunde ya 35, la sekunde ya 70, na la mwisho. Ni sawa na kuchukua picha tatu za mtu anayekimbia. Wengine wanajenga ini lenye mabomba mawili na pampu mbili, na ndani wanatia kitu cha kupitisha maji taratibu: sponji, shanga ndogo zilizoshindiliwa, au zile nyuzi zenye tundu katikati zitumikazo kwenye vichujio vya kusafishia damu ya wagonjwa wa figo. Nimefanya kazi na la namna hiyo. Linavuja. Siku lisipovuja linapendeza kulitazama, kivimbe kinawaka mbele yako kama mtu aliyekumbuka jambo. Lakini kulirudisha kwenye hali ileile kesho yake ni shida, na kipimo kisichorudi kwenye hali yake si kipimo. Kwa hiyo nikiulizwa na anayeanza, namwambia apike maini matatu yaliyotulia kabla hajanunua pampu.

Kuhusu kupumua sitakawia: ini hupanda na kushuka sentimita moja au mbili kila pumzi, na mota ndogo inatosha kuliiga.

Nataka nikae kidogo kwenye jambo linalonikera. Fantomu nyingi zinazouzwa ni nzuri mno. Ndani ni laini sawasawa, hakuna mishipa, hakuna kovu, vivimbe ni duara kamili vimepangwa kwa mstari kama askari. Mashine ikiwekewa kitu kama hicho inafaulu, muuzaji anafurahi, hospitali inafurahi. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Siku hizi mashine nyingi zinasafisha chenga kwa akili mnemba, na programu hizo ni hodari sana kwenye kitu laini: zinafuta chenga zote, picha inang'aa kama kioo. Zipeni ini lenye mikunjo, mishipa na makovu ya sirosisi, na katikati yake kivimbe kilichopishana na ini kwa namba kumi tu za CT. Programu inaweza kukiona kivimbe hicho ikadhani nacho ni chenga. Inakifuta. Picha inatoka nzuri, na ubaya wake ni kwamba haina aibu yoyote usoni.

Godfrey Hounsfield, baba wa CT, alionja jambo hili mapema. Kabla ya mgonjwa wa kwanza kupigwa picha ya kichwa mwezi wa Oktoba 1971 kule London, alijaribu mashine yake kwa ubongo wa mtu uliohifadhiwa kwenye dawa ya formalini. Picha zilitoka vizuri kuliko alivyotarajia. Baadaye ikaonekana kwamba formalini ndiyo iliyokuwa imekuza tofauti kati ya sehemu za ubongo. Ilimbidi atafute ubongo mbichi wa ng'ombe arudie. Tofauti zilipungua, lakini zilikuwepo, na mashine ikaendelea kuaminiwa kwa sababu ilipewa mtihani mgumu zaidi baada ya ule mwepesi.

Kwa hiyo sisi sasa tunachukua umbo la ini na mishipa yake kutoka kwenye picha za mgonjwa wa kweli aliyeridhia, jina lake likiwa limeondolewa, tunachapa kalibu kwa printa ya 3D, na tunamwaga ndani yake. Tunatia na vivimbe ambavyo tunajua mashine haitaviona. Wanafunzi wangu hunishangaa: kwa nini utengeneze kivimbe kisichoonekana? Kwa sababu nataka kujua mahali hasa ambapo mashine inaanza kushindwa. Fantomu ambayo kila kitu ndani yake kinaonekana haijanieleza mpaka uko wapi. Tena nusu ya picha tunazowapa madaktari wasome hazina kivimbe chochote, maana msomaji akijua kwamba kila picha ina kitu, atakiona hata kama hakipo.

Ndiyo, natambua kwamba hili si ini. Halitengenezi nyongo, halina homa, halimuogopi daktari. Mashine iliyofaulu kwangu inaweza kushindwa kwa mgonjwa. Ila ile iliyoshindwa kwangu, kwenye kivimbe cha ukubwa ninaoujua, mahali ninapopajua, sioni sababu ya kuipeleka kwa mgonjwa kabla haijarekebishwa.

Sasa bahasha. Mwenyekiti, naomba uifungue usome. Vitano. Ahsante.

Walioandika vitano wanyooshe mikono. Wachache. Walioandika vinne? Mmekosa kile cha milimita 8 chini ya mshipa mkubwa, kwenye kipande cha saba. Hamko peke yenu. Walioandika sita? Haya, ninyi ni wengi, na mna sababu. Doa lenu la sita liko kwenye kipande cha tisa, ukingoni. Lipo kweli, mmeliona sawasawa. Lakini mimi sikutia kivimbe hapo. Picha hizi nimezikata kwa unene wa milimita 5, na mashine huchanganya vyote vilivyomo kwenye unene huo ikavitolea namba moja. Tazameni mahali hapohapo nikikata kwa unene wa nusu milimita. Doa la kijivu limegeuka nukta nyeusi tititi, ndogo kama kichwa cha pini. Ni kipovu cha hewa, nilikikoroga mwenyewe juzi usiku kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuja kuzungumza nanyi.

Anayetaka kulishika ini asogee mbele. Glavu ziko chini ya meza.